Uchumi wa Manispaa ya Vijijini: Fedha Inaingiaje na Inatokaje

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, maofisa mipango, wanafunzi na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie uchumi wa manispaa ya vijijini pamoja na shughuli zake kuu za uzalishaji. Kwa kawaida mada hii hujibiwa kwa orodha: kilimo asilimia kadhaa, ufugaji asilimia kadhaa, kisha misitu, madini, biashara ndogondogo na utalii, na mwishoni aya moja kuhusu fursa za uwekezaji. Sina ugomvi na orodha hizo, ila hazituambii jambo tunalolihitaji zaidi. Manispaa mbili zinaweza kuwa na zao lilelile, eneo sawa la mashamba na idadi ya watu inayokaribiana, halafu moja ikawa na mafundi wenye kazi, maduka yenye wateja na vijana wanaorudi baada ya masomo, na ya pili ikawa njia tu ya kupitishia malori yaliyojaa mzigo. Tofauti ya manispaa hizo haionekani shambani. Inaonekana pale mazao yanapokwisha kuuzwa, unapoanza kuifuatilia ile fedha na kuuliza imekwenda wapi. Hilo ndilo nitakalolishikilia leo.

Msingi wa kinadharia ni mfupi. Katika miaka ya 1930 mchumi wa Marekani Homer Hoyt aliwapa wapangaji wa miji njia rahisi ya kuugawa uchumi wa mahali. Upande mmoja ziko shughuli zinazouza nje ya eneo na kuleta fedha kutoka kwa watu wa kwingine. Upande wa pili ziko zile zinazowahudumia wakazi wenyewe, kama vile kinyozi, gereji, duka la rejareja na mashine ya kusaga nafaka, ambazo huishi kwa kuizungusha fedha iliyokwisha kuingia. Wazo hili lilitungwa kwa ajili ya miji, lakini kwa maoni yangu linaifaa zaidi manispaa ya vijijini, kwa sababu sehemu ndogo hujitengenezea vitu vichache na hununua karibu kila kitu kutoka nje.

Tukilichukua kwa uzito, linatubadilishia hata orodha yenyewe ya shughuli kuu. Mshahara wa mwalimu na wa muuguzi unaolipwa na serikali kuu ni fedha iliyotoka nje. Pensheni ya mstaafu aliyerudi kijijini ni fedha iliyotoka nje, na vivyo hivyo kile anachotuma kijana anayefanya kazi mbali. Nepal ni mfano mzuri, kwani baada ya katiba yake ya mwaka 2015 nchi hiyo iligawanywa katika serikali za mitaa 753, na kati ya hizo 460 zinatambuliwa kisheria kuwa manispaa za vijijini. Ukiuliza shughuli kuu katika nyingi kati ya hizo utaambiwa ni kilimo, na kwa hesabu ya watu wanaoshika jembe jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, fedha zinazotumwa na Wanepali walio ughaibuni hukaribia robo ya pato la taifa, na sehemu kubwa huishia vijijini. Halmashauri inayopanga bajeti kana kwamba wakazi wake wote wanaishi kwa mavuno itashangaa siku ajira za nchi za Ghuba zitakapopungua, ingawa mvua itakuwa imenyesha vizuri.

Sasa tuje kwenye uzalishaji wenyewe. Kwa nini kiwanda kimoja hujengwa porini na kingine hakitoki mjini? Johann Heinrich von Thünen, aliyekuwa mwenye shamba kubwa kaskazini mwa Ujerumani, alieleza mwaka 1826 kwamba umbali kutoka sokoni ndio unaoamua ardhi itumikeje: maziwa na mboga hukaa karibu na mji kwa sababu huharibika, nafaka husogea mbali, na mifugo hukaa mbali zaidi kwa sababu hutembea kwa miguu yake hadi sokoni. Mjerumani mwenzake, Alfred Weber, aliongeza mwaka 1909 hoja ya uzito, kwamba malighafi inayopoteza uzito mwingi wakati wa kusindikwa huvuta kiwanda kiifuate. Majani mabichi ya chai hayawezi kusubiri, maana yanatakiwa kuanza kusindikwa ndani ya saa chache, na zaidi ya kilo nne za majani hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Gogo likipasuliwa hutoa mbao zenye ujazo wa takriban nusu yake. Jani la mkonge ni maji na makapi kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi. Viwanda vya namna hii viko vijijini kwa sababu ya hesabu ya usafirishaji, wala si kwa hisani ya mwekezaji, na ni vyema diwani akalikumbuka jambo hilo anapokaa mezani kujadiliana naye.

Naomba nikae kidogo kwenye miwa, kwa sababu kiwanda cha sukari kinaonyesha karibu kila kitu ninachotaka kusema. Inahitajika wastani wa tani kumi za miwa kupata tani moja ya sukari. Muwa uliokatwa huanza kupoteza sukari mara moja, na ukizidi siku mbili hasara inakuwa kubwa. Kwa hiyo kiwanda na shamba vimefungwa pamoja. Hakuna mkulima anayeweza kupeleka miwa yake mkoa wa tatu kutafuta bei nzuri. Lori la mkulima wa nje, yaani mwenye shamba lake asiyelima kwenye shamba la kiwanda, linapofika getini hupita kwenye mizani, miwa huchukuliwa sampuli, maabara hupima kiwango cha sukari, na malipo hutegemea tarakimu hizo mbili, yaani uzito na utamu. Sasa fikiria lori hilo likae kwenye foleni tangu asubuhi hadi kesho yake mchana. Miwa inakauka, uzito unapungua, sukari inashuka, na hasara yote inamwangukia aliyelima. Anayepanga ratiba ya kukata na zamu ya kuingia kiwandani ana nguvu kubwa juu ya kipato cha kaya kuliko ofisa kilimo yeyote, ingawa sijaona wasifu wa halmashauri uliotaja foleni ya malori kama suala la uchumi.

Ndani ya geti kuna mengi zaidi. Makapi ya miwa huchomwa kwenye boila, mvuke wake huendesha mitambo na kufua umeme, na kiwanda kilichopangwa vizuri hubaki na umeme wa ziada wa kuuza. Molasi, yaani uji mzito mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, inaweza kuwa spiriti au chakula cha mifugo. Swali ni nani anamiliki vitu hivyo. Mara nyingi mkulima hulipwa kwa sukari peke yake, na vinavyobaki huhesabiwa kuwa mali ya kiwanda. Halafu msimu wa kusaga unapokwisha, mitambo hufunguliwa kwa matengenezo, vibarua huachishwa kwa miezi kadhaa, na daftari la madeni dukani hunenepa. Mwenye duka ndiye benki ya msimu wa ukame wa fedha. Akikosa mtaji wa kuwakopesha watu hadi msimu ufuatao, familia huuza mbuzi, na baadaye huuza ardhi.

Ipo hesabu moja ndogo ambayo ningependa kila diwani aijue. Chukulia kwamba kila mkazi anapopata mia moja, thelathini tu anazitumia kwa bidhaa na huduma zinazotolewa na wakazi wenzake, na sabini zinatoka nje kununua dizeli, nguo, simu na vifaa. Wanaopokea zile thelathini nao watatumia tisa ndani, na kadhalika. Ukijumlisha mizunguko yote, mia iliyoingia imezaa kipato cha takriban 143. Sasa fanya kiwango cha kutumia ndani kiwe sitini, na mia ileile itazaa 250. Hakuna mwekezaji mpya aliyekuja, hakuna ekari iliyoongezwa. Kilichobadilika ni uvujaji tu, yaani fedha inayotoka nje ya eneo. Ni hesabu iliyorahisishwa mno, nakubali, lakini inaonyesha kwa nini kuwinda kiwanda cha pili kabla ya kuchunguza uvujaji wa kile cha kwanza ni kazi ya kujaza maji kwenye pakacha.

Uvujaji una historia ndefu. Katika Uingereza ya mapinduzi ya viwanda waajiri wengi waliwalipa wafanyakazi kwa hati au vipande vya mfano wa fedha vilivyokubalika katika duka la mwajiri peke yake, hata Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka 1831 ya kutaka mishahara ilipwe kwa sarafu. Mshahara ulikuwepo kwenye vitabu, lakini haukuwahi kumfikia muuza mkate wa mtaani. Makato ya mkopo wa pembejeo yanayofanywa kabla mkulima hajaona malipo yake yanaweza kuleta matokeo kama hayo. Nasema yanaweza, kwa sababu bila mkopo huo wakulima wengi wasingepata mbolea kabisa. Tatizo huanza pale anayekopesha, anayeuza mbolea na anayenunua mazao wanapokuwa mtu mmoja.

Mfano utakaonichukulia muda mrefu zaidi ni wa Yubari, katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Kisheria ni mji, lakini ni mji wa kilomita za mraba zipatazo 760, sehemu kubwa ikiwa misitu na mabonde. Mgodi wa makaa ya mawe ulifunguliwa huko mwaka 1890, na kufikia 1960 walikuwepo wakazi wapatao 117,000. Kampuni za madini zilimiliki nyumba, hospitali na mifumo ya maji. Mtu aliyeitazama Yubari wakati huo angesema uchumi wake ni imara kuliko wa manispaa zote za jirani, na kwa takwimu za uzalishaji asingekosea.

Kisha Japani ikahamia kwenye mafuta ya petroli, na makaa ya nje yakawa nafuu. Mwaka 1981 ajali ya gesi katika mgodi mmoja iliua watu 93, mgodi huo ukafungwa, na mwaka 1990 ukafungwa mgodi wa mwisho. Kampuni ziliondoka, zikaacha nyumba, mabomba na hospitali mikononi mwa halmashauri. Hapo ndipo somo linapokuwa chungu, kwa sababu halmashauri haikukaa mikono mitupu. Ilitangaza kaulimbiu ya kutoka kwenye makaa kwenda kwenye utalii, ikajenga bustani kubwa ya burudani yenye jumba la makumbusho ya makaa, ikaanzisha tamasha la filamu, na wawekezaji binafsi walipojitoa kwenye hoteli na eneo la kuteleza kwenye theluji, yenyewe ikavinunua. Iliondoa tegemeo moja kubwa ikaweka jingine kubwa, safari hii kwa fedha za mkopo.

Jinsi deni lilivyofichwa inastahili kuangaliwa na kila mhasibu aliyemo humu ndani. Mwaka wa fedha wa serikali za mitaa za Japani huisha tarehe 31 Machi, lakini vitabu hubaki wazi hadi mwisho wa Mei ili malipo ya mwaka uliopita yakamilishwe. Katika miezi hiyo miwili ya kupishana, halmashauri ilichukua fedha za mwaka mpya kutoka mfuko mmoja, ikazikopesha kwenye mfuko mwingine wa mwaka uliokwisha, na nakisi ikatoweka kwenye karatasi. Mwaka uliofuata ilibidi ifanye hivyo tena, kwa kiasi kikubwa zaidi, ikisaidiwa na mikopo ya muda mfupi ya benki. Mwaka 2006 mambo yakawekwa hadharani, na Machi 2007 Yubari ikawekwa rasmi chini ya usimamizi wa kurekebisha fedha zake, ikiwa na deni la yeni bilioni 35 hivi la kulipwa kwa takriban miaka 20. Wakati huo wakazi walikuwa wamebaki kama 13,000. Watumishi walipunguzwa hadi nusu, mishahara ikakatwa, kodi zikapanda, shule za msingi zikaunganishwa ikabaki moja, na hospitali ikawa zahanati. Leo wakazi hawafiki 8,000.

Lakini katika Yubari hiyohiyo kuna tikiti tamu. Wakulima wake walianza kukuza aina yao ya pekee mwanzoni mwa miaka ya 1960, mgodi ukiwa bado unanguruma, na hakuna aliyeihesabu shughuli hiyo kuwa uti wa mgongo wa kitu chochote. Ushirika wao unashika mbegu, unasimamia upangaji wa madaraja, na unalinda jina. Mwaka 2015 tikiti hilo lilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kabisa kusajiliwa nchini Japani kwa ulinzi wa jina la kijiografia, yaani jina la mahali ambalo haliruhusiwi kutumiwa kwa bidhaa isiyotoka huko. Mwaka 2019 matikiti mawili ya kwanza ya msimu yaliuzwa mnadani Sapporo kwa yeni milioni 5. Bei hiyo ilikuwa ya matangazo, tusidanganyike, na haifanani na bei ya kawaida. Hata hivyo, halmashauri ilipofilisika wakulima hawakufilisika nayo. Makaa yalileta fedha nyingi kuliko matikiti yatakavyowahi kuleta, ila mbegu, daraja na jina viko mikononi mwa watu wanaoishi hapohapo.

Katika nchi hiyohiyo, upande wa kusini, kijiji cha Oyama cha mkoa wa Oita kilichukua njia tofauti tangu mwaka 1961. Serikali kuu ilikuwa ikihimiza mpunga. Oyama ni milima mitupu. Uongozi wa kijiji, ukishirikiana na chama cha ushirika, ukawaambia watu wapande plamu na chestinati, kwa kaulimbiu kwamba mapato yatawapeleka kutembea Hawaii. Baadaye wakaongeza uyoga, unaoingiza fedha mwaka mzima na kuziba pengo la msimu, wakasindika plamu wenyewe, na ushirika ukafungua soko ambamo mkulima hupanga bidhaa yake kwa bei anayoitaka. Gavana wa Oita, Morihiko Hiramatsu, aliukuza mfano huo mwaka 1979 kuwa mpango wa kijiji kimoja bidhaa moja, ambao umeigwa katika nchi nyingi, Malawi ikiwemo tangu mwaka 2003. Nina shaka na baadhi ya uigaji huo, kwa sababu mara nyingi huchukuliwa bidhaa na lebo yake, na kile chama cha ushirika kilichoibeba kikaachwa nyuma. Wala tusiifanye Oyama kuwa pepo: vijana wake wengi walihama kama wa kwingineko, na mwaka 2005 iliunganishwa na mji wa Hita.

Kuna shughuli ambazo kwa asili yake haziwezi kuajiri wengi, na hapo ushauri wa kusindika na kushirikiana haufai kitu. Bwawa la umeme ni mfano. Likishajengwa, huendeshwa na watu wachache, tena wengine wakiwa kwenye chumba cha udhibiti kilicho mbali. Norwei iliona jambo hilo mapema, na sheria zake za mwaka 1917 zinawataka wenye leseni za mitambo mikubwa ya maji kuzipa manispaa husika hadi asilimia 10 ya umeme kwa bei ya gharama, pamoja na ada ya kila mwaka. Manispaa yenye watu wachache chini ya maporomoko makubwa inaweza hivyo kutumia umeme huo au kuuuza na kulipia shule zake. Kwa madini na mashamba makubwa ya miti hoja ni ileile: kama ajira ni chache, sheria ndiyo inayoamua kitakachobaki, na sheria hiyo hujadiliwa kabla ya leseni kutolewa. Baada ya hapo halmashauri hubaki kuomba madawati.

Utalii nitaugusa tu. Unasifiwa kupita kiasi, kwa sehemu kwa sababu picha zake ni nzuri. Mgeni aliyelipia safari yote mjini au ng'ambo, akalala katika hoteli inayoagiza hata mayai kutoka nje, huacha kijijini mshahara wa mlinzi na bahashishi. Swali la kumuuliza mwenye hoteli ni moja: jikoni kwako kinanunuliwa nini, na kwa nani?

Swali hilohilo liulizwe halmashauri yenyewe, maana katika manispaa nyingi za vijijini hiyo ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote. Tuseme manispaa yenye misitu inahitaji madawati elfu tatu. Ikitangaza zabuni moja, yenye sharti la dhamana ya benki na uzoefu wa mikataba mikubwa, atakayeshinda ni muuzaji wa mjini, ambaye pengine atanunua mbao za manispaa hiyohiyo, azipeleke mjini, kisha azirudishe zikiwa madawati. Seremala wa sokoni hakushindwa kwa ubora wala kwa bei. Aliondolewa na fomu. Sheria nyingi za ununuzi wa umma hukataza kuivunja zabuni vipande kwa nia ya kukwepa ushindani, na katazo hilo ni la haki. Lakini kutangaza zabuni moja iliyo wazi yenye mafungu kumi, kila fungu likiwa na dhamana inayolingana na ukubwa wake, na kulipa ndani ya siku thelathini badala ya miezi tisa, kwa kawaida hakukatazwi. Hilo la malipo lina uzito wa pekee, kwa kuwa fundi mdogo hawezi kuikopesha serikali.

Kwa hiyo, waheshimiwa, wasifu ujao wa uchumi utakapoandaliwa, ningeomba uongezwe ukurasa mmoja ambao sijauona katika wasifu wowote niliosoma: kwa kila shughuli kuu, nani anamiliki, nani anapanga bei na ratiba, pembejeo zinatoka wapi, na katika manunuzi ya halmashauri ya mwaka uliopita ni sehemu gani ililipwa kwa watu wenye makazi ndani ya mipaka yake. Hilo la mwisho halihitaji mshauri mwelekezi; hati za malipo zimo kabatini kwa mweka hazina, na karani mmoja anaweza kuzipitia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kupokea maswali.